Mie, Sudi na Kalamu ya Upepo

Nyie vijana wa gereji mmeniganda siku nyingi niwaeleze namna ya kupuliza rangi lori likatoka laini, bila rangi kuchuruzika wala kuota chunusi. Haya, leo nawaeleza. Lakini mtanivumilia, maana kazi ile siwezi kuieleza bila kumtaja Sudi wa Mahege, na Sudi siwezi kumtaja bila roho kuniuma. Nimeshastaafu, mgongo umekwisha, wajukuu ndio wanaonifunga viatu, na bado nikilisikia jina lake uji unanikwama kooni. Wivu huu si wa jana. Tumezeeka pamoja, mie na wivu wangu, na yeye ana afya kunizidi.

Mie sikuanzia kwenye malori. Nilianzia kwenye vifaru. Vifaru vya vita nasema, si wale wenye pembe wa kule Ngarambe. Tena vifaru vya mbao, urefu wake kama kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, mizinga yake vijiti na minyororo yake bati lililokunjwa. Ilikuwa zama za Mwingereza, wakati wa vita vya Hitla, na jeshi lilikuwa linachukua vijana kuwapeleka Bama kupigana na Mjapani. Kabla ya kuwapeleka liliwafundisha, na katika mafunzo hayo kulikuwa na somo la kuficha gari kwa rangi: kijani kikae wapi, rangi ya udongo ikae wapi, ili adui akitazama aone kichaka tu. Vifaru vya kweli vya kufundishia havikuwapo, kwa hiyo vikachongwa vya mbao. Karakana ikawekwa Kibiti, kando ya barabara, katika ghala lililokuwa la pamba.

Mkuu wa karakana alikuwa Mwingereza mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni hata kikiwa kimezimika. Fundi wa rangi alikuwa Mwinchande, mtu wa Bungu. Huyu alifanya kazi miaka mingi Dar es Salaam kwa mpiga picha, yeye ndiye aliyekuwa akizitengeneza sura za watu pichani: makovu anayafuta, mashavu anayanenepesha. Huko ndiko alikojifunza kalamu ya upepo, na alipoitwa Kibiti alikuja nayo ndani ya kisanduku, kaifunga kwa kitambaa cha melimeli.

Kalamu ya upepo ni bomba la kupulizia rangi, ila si kama haya yenu mnayoyashika kama bastola. Ni dogo, unalishika kama kalamu ya kuandikia. Mgongoni lina kikombe cha rangi, ndani lina sindano, na juu lina kitufe. Ukikibonyeza unatoka upepo, ukikivuta nyuma inakuja rangi. Ukijua kukivuta, unaweza kuchora unywele. Usipojua, unapata doa kama la mbu aliyepigwa kofi ukutani. Karakana nzima ilikuwa na kalamu hiyo moja tu, na tulioitamani tulikuwa wawili. Shida yote ya maisha yangu imo humo.

Mie ni mtoto wa visiwani, huku deltani. Baba yangu alikuwa mkata boriti. Mnaziona boriti za mikoko kwenye dari za watu, hamjui zinavyopatikana. Maji yakipwa unaingia, tope linakumeza mpaka mapajani, unakata, unaweka begani, halafu unashindana na maji yanayorudi. Bega la baba lilikuwa limekufa ganzi, ukiligusa hajui kama umeligusa. Nilifanya kazi ile tangu ndevu hazijaota. Mjomba wangu alikuwa afadhali, yeye alitengeneza mashua, na ndiye aliyenifundisha brashi. Kila mashua iliyotoka mkononi mwake aliichora maua na mwezi kwa nyuma, akaisugua mafuta mpaka ikang'aa, ili ikitokeza mbali watu waseme, ile ya fulani. Hilo la mashua likumbukeni, nitalirudia.

Nilipopata kazi Kibiti nilimwambia mama kwamba topeni sirudi tena.

"Usiape, mwanangu," akanijibu. "Shika kazi tu."

Sudi alikuja baada yangu. Hilo nalo likumbukeni: mie ndiye niliyekuwa wa kwanza. Alitoka Mahege, kwa wakulima wa mpunga, na mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Hakuwa na maneno mengi. Sisi tukikaa kwenye benchi, yeye anachuchumaa. Ukimuuliza jambo anakutazama kwanza, kisha anatazama chini, kisha ndiyo anajibu, na jibu lenyewe fupi. Watu wakampenda kwa hilo. Mie nilikuwa nasema sana na kuchekesha, na nilidhani watu wanapenda hivyo. Kumbe walikuwa wananisikiliza mie na kumwamini yeye. Iliniuma wakati ule na inaniuma hivi ninavyosema.

Sasa shikeni somo. Siku ya kwanza ninagusa kalamu, rangi iligoma kutoka. Nikavuta kitufe mpaka kidole kikauma. Fundi Mwinchande akanitazama juu ya miwani.

"Hemedi, umewahi kukuna nazi?"

"Nazi wanakuna wanawake, Fundi."

"Basi kamuulize mwanamke tofauti ya kasimile na tui la pili, ndipo urudi kunishikia kalamu yangu."

Nikaenda kwa mama ntilie wa pale barabarani, akanicheka, akanionyesha. Tui la kwanza, kasimile, ni zito, linaganda kwenye kijiko. Rangi ikiwa hivyo inaziba sindano. Tui la mwisho ni maji matupu, rangi ikiwa hivyo inateremka kwenye mbao na kuacha michirizi. Tui la pili linapita kwenye kijiko na kuacha utando mwembamba. Hilo ndilo. Hata malori nimeyapuliza kwa tui hilo hilo mpaka nastaafu, na mtu akija na vipimo vyake vya makopo namwacha ajisumbue. Halafu msianzie rangi juu ya gari. Anza kupuliza mkono ukiwa bado nje, pita, na uache ukishatoka upande wa pili. Anayeanzia na kuishia juu ya bati ndiye anayepata michirizi, kisha anasingizia rangi mbovu.

Upepo nao ulikuwa na mambo yake. Kompresa haikuwapo. Tulikuwa na tyubu ya lori na pampu ya mguu. Mmoja anapampu, tyubu inatuna, upepo unapita kwenye mpira mpaka kwenye kalamu, na mwingine anapuliza. Mnaona ilivyokuwa? Siku ya zamu ya Sudi, mie ndiye ninayepampu. Yeye kaketi, kajipinda, anachora mawimbi ya kijani taratibu, na mie jasho linanitoka mpaka kisiginoni. Watu wanapita mlangoni wanasema, Sudi ana mkono huyu. Hakuna aliyesema Hemedi ana mguu. Upepo wangu, sifa zake.

Na upepo wa kwetu una maji. Ukiukamua kwenye tyubu siku ya mvuke, kalamu inatema mate, pu, pu, na kazi ya asubuhi nzima inaharibika. Fundi alihangaika nayo, kwa sababu studio ya Dar es Salaam haikuwa na tabu hiyo. Dawa niliipata mie. Nilichukua kibuyu kinene, nikakijaza sufi kavu, nikakipitisha kati ya tyubu na kalamu, nikaziba kwa lami. Upepo ukiingia kibuyuni unaacha maji yake kwenye sufi na kutoka mkavu. Jioni unaitoa sufi unaianika. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, hakunifundisha mtu.

Bwana Kiko alipoingia kuja kutazama, ninyi mnadhani kibuyu alikuwa amekishika nani? Mie nilikuwa chini ya meza natafuta kifuniko cha lami. Sudi alikuwa amekishika ili kisianguke.

"Hii kibuyu ya Sudi nzuri sana," akasema Bwana Kiko.

Sudi akasema, "Si yangu, Bwana. Ya Hemedi." Alisema, siwezi kumsingizia. Lakini alisema kwa sauti yake ile ya kwao, kama mtu anayeongea na mpunga, na Bwana Kiko alikuwa ameshageuka. Tangu siku hiyo kikaitwa kibuyu cha Sudi. Mpaka wachongaji waliokuwa wananiona nikikitengeneza nao wakakiita hivyo hivyo. "Hebu sogezeni kibuyu cha Sudi." Nilikuwa nakisogeza mwenyewe.

Lakini la udongo, hilo ni lake kweli. Madoa ya kifaru kimoja hukutana, la kijani na la rangi ya udongo, na mpaka wa kukutana usiwe mkali sana wala usipotee. Ili kupata mpaka huo unaziba sehemu moja na kupuliza nyingine. Mie, mtoto wa mashua, niliziba kwa kitu ninachokijua: pamba ya kalafati iliyokandwa kwa sifa, yale mafuta ya papa tunayozibia nyufa za mashua. Kikaziba vizuri sana. Rangi ikapita, nikafurahi, nikaita watu. Kesho yake nilipoibandua pamba, rangi ya pembeni ikatoka yote pamoja nayo, magamba kwa magamba, maana mafuta yalikuwa yamelowa kwenye mbao, na rangi haishiki penye mafuta. Karakana nzima ilinuka papa. Bwana Kiko akafungua madirisha mwenyewe.

Sudi alichuchumaa akakitazama kifaru changu. Ijumaa akaenda kwao, akarudi na bonge la udongo wa mama yake, ule laini wa kufinyangia. Akausokota vipande virefu kama anavyofanya mama yake akijenga chungu, akavilaza juu ya kifaru kufuata mawimbi, akapuliza. Ulipokauka ukadondoka wenyewe, hauna mafuta, hauachi alama, na mpaka ukabaki laini. Fundi Mwinchande akavua miwani akaifuta. Mzee yule kusifu mtu ilikuwa kazi, lakini alipofuta miwani tulijua kasifu. Kwangu alikuwa hajaifuta hata siku moja.

Basi na mie nikatumia udongo ule. Nitafanyaje? Niliuchukua mezani kwake bila kuomba, na yeye akawa anauacha upande wangu wa meza, umeshalainishwa tayari. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu unayemwonea wivu awe na kiburi kidogo basi, upate pa kumshikia. Huyu alikuwa hana.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Fundi Mwinchande alipoanza kuona ukungu. Alikuwa akilenga doa huku akilipuliza kule. Siku moja alituita mie na Sudi, akakifungua kile kisanduku.

"Macho yangu yamekwisha," akasema. "Na karakana inahamishwa Dar es Salaam. Bwana anataka mshika kalamu mmoja tu wa kuhama nayo. Wachongaji wapo huko huko, wapampaji wapo huko huko. Mmoja wenu atakwenda, mwingine arudi kwao."

Kurudi kwao. Kwa Sudi maana yake ni mpunga, na mpunga si mbaya. Kwangu maana yake ni tope. Niliona bega la baba pale pale, nikaona panga, nikaona maji yanayorudi. Nikajisemea, hiki kitu nitakipata, iwe isiwe.

Fundi akatupa kila mmoja kifaru kipya, sawasawa, vimechongwa na mtu mmoja. Akasema kila mtu apake anavyojua, na atakuja kapteni wa jeshi kuamua pamoja na Bwana Kiko. "Kumbukeni kazi ya rangi hii ni nini," akasema. Nilisikia, lakini nilisikia kama mtu anayesikia adhana akiwa na wateja dukani.

Sudi kutwa alikuwa nyuma ya ghala, amechuchumaa chini ya mikorosho, anatazama majani makavu. Anaokota jani, analigeuza, anaweka. Nikawaambia wachongaji, mwenzangu amekata tamaa, anahesabu majani. Tukacheka. Mie nilikuwa nimeshaanza. Nilipuliza mawimbi ya kijani na ya udongo ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Kila wimbi limepinda kwa kipimo, limepokewa na lenzake, limezunguka mnara na kushuka upande wa pili bila kukatika. Misumari midogo ya ubavuni nikaipitia mmoja mmoja. Fundi alitufundisha kwamba juu ya gari pawekwe kiza na chini pawekwe nuru, kwa sababu jua hufanya kinyume, na vikikutana umbo linapotea. Mie nilijua. Lakini nikifanya hivyo mawimbi yangu yalififia, nikaona hasara, nikaacha. Mwisho nikakipiga vanishi. Kiling'aa. Nilikiweka dirishani nikasimama barabarani kukitazama, na kilionekana kutoka kwa yule mama ntilie. Moyo wangu ulijaa. Mjomba angekuwapo angelia.

Zamu ya Sudi ilipofika, nilimpampia. Wala msinitazame hivyo. Wazo la kulegeza mpira kidogo, kalamu iteme mate, lilinijia, tena lilikaa sana. Sikufanya, na sababu si wema. Fundi alikuwa haoni lakini anasikia, na pampu ikibadili mlio angejua. Basi nikapampu, na nikawa namtazama. Alipaka juu kiza, chini nuru. Alipaka vidoa vidogo vidogo visivyofanana, vibaya, havina mpango. Kisha akachanganya rangi ya vumbi, nyepesi kuliko hata tui la mwisho, akasimama mbali, akaupuliza huo ukungu juu ya kifaru chote mpaka kazi yote ikafifia. Nilimwonea huruma. Nakwambieni kweli, ndiyo mara ya pekee nilipomwonea Sudi huruma, na nilikuwa nimekosea.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Nimemaliza."

"Hukipigi vanishi?"

Akatazama chini. "Hapana," akasema.

Siku ya siku tukaambiwa tubaki ghalani. Fundi Mwinchande akavichukua vifaru vyote viwili kwenye kikapu, akaenda navyo nyuma, akarudi na kikapu kitupu. Ndipo tukatoka wote: kapteni, mtu mfupi mwenye uso mwekundu, Bwana Kiko na kiko chake, wachongaji, na sisi wawili nyuma. Jua lilikuwa limesimama, linapenya kwenye mikorosho na kutupa madoa ya mwanga juu ya majani makavu.

Kapteni hakupiga hata hatua. Alinyoosha fimbo yake. Changu hicho, kule mwisho kabisa, kinawaka kama kioo. Wachongaji wakaguna kwa uzuri wake. Nilimtazama Sudi nione uso wake, naye alikuwa anatazama miguu ya watu.

"Moja nakwisha ona," akasema Bwana Kiko. "Ile ingine iko wapi?"

Fundi akasema, "Itafuteni, Bwana."

Wakatafuta. Kapteni akainama, akachungulia kwenye mizizi ya mkorosho, akafukua majani kwa fimbo. Wachongaji nao wakaingia, wakazunguka. Mie nilisimama pale pale. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Bwana Kiko alikuwa anatembea nyuma nyuma, mkono juu ya macho, akisema, "Mwinchande, wewe nasahau kuleta. Hapa hapana kitu." Akatua mguu, na chini ya buti lake kikalia, krak.

Aliinua mguu. Kiko kikamtoka mdomoni. Nilikuwa sijawahi kukiona kikitoka. Kifaru cha Sudi kilikuwa pale mbele ya watu wote, katikati, hakikufunikwa hata jani moja, na sasa kilikuwa kimepasuka mnara na mzinga umekatika. Tulikuwa tumekipita kila mtu. Nadhani hata mie nilikiruka.

Kapteni akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaenda kumpa Sudi mkono. Hapakuwa na la kuamua tena. Fundi Mwinchande akavua miwani, akaifuta, halafu akakitoa kile kisanduku mfukoni mwa koti lake na kumkabidhi Sudi na melimeli yake. Sudi akakipokea kwa mikono miwili.

Changu Bwana Kiko alikiokota mwenyewe, akakigeuzageuza kwenye mwanga. "Hii muzuri sana, Hemedi," akasema. "Wewe chukua, weka nyumbani."

Hapo ndipo nilipoikumbuka mashua ya mjomba. Sisi watu wa visiwani tunapaka kitu ili kionekane. Tangu nimezaliwa sijaona mtu wa kwetu akitumia rangi kujificha. Mikono yangu ilifanya ilichofunzwa, na ilikifanya vizuri kuliko mtu yeyote, na ndiyo iliyonirudisha topeni.

Sudi alinifuata ghalani nilipokuwa nafunga virago. Akasimama mlangoni. "Chako kizuri, Hemedi," akasema. Nilitamani anicheke. Angenicheka ningempiga, yakaisha. Hakunicheka, na mie nikaendelea kufunga virago.

Nikarudi kukata boriti. Miaka mingapi sisemi, lakini bega hili, shikeni hapa, nalo limekufa. Vita vikaisha, na baadaye mfanyabiashara mmoja wa Bungu akanunua lori kuukuu, akasikia kuna mtu deltani aliyewahi kupuliza rangi. Nikaenda. Niliingia na kibuyu changu, na hapo hakuna aliyekiita cha mtu mwingine. Lile lori liling'aa, na lori, tofauti na kifaru, mwenyewe anataka lionekane. Ndio mwanzo wa kazi yangu, na wengi wa hawa mnaowaita mafundi wamepita mkononi mwangu. Lakini kila siku nilipolishika lile bomba nene la malori, vidole vilikuwa vinaitafuta kalamu. Nilikuwa nasikia habari za Sudi huko Dar es Salaam, Sudi hivi, Sudi kapewa hivi, na nilikuwa nauliza mwenyewe ili niumie vizuri.

Kifaru changu kiko ndani. Kimekaa juu ya kabati la vyombo, kinatazama mlango. Vanishi yake haijapauka. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumba hii asikione. Wakwe walikiona kabla hawajaniona mie. Wakusanya kodi walikiona. Maalimu alipokuja kumsomea mke wangu mgonjwa alikiona, nikamwona jicho linampotea katikati ya dua. Wote husema, lo, kifaru kizuri hicho. Na kila wanaposema, nalisikia lile buti la Bwana Kiko.

Mwaka juzi Sudi alikuja. Alikuwa na msiba Mahege, akapita kunisalimu. Ndevu zote nyeupe, fimbo mkononi. Mke wangu Mwanaidi akamkaribisha, akamweka kwenye kiti kile kinachotazamana na kabati, uso kwa uso na kifaru, na mie nikasema moyoni, haya, sema na wewe. Tukala. Tukaongea habari za Fundi Mwinchande, Mungu amrehemu, na za mvua, na za wajukuu. Macho yake yalipita juu ya kabati, yakaenda, yakarudi. Tangu adhuhuri mpaka alasiri hakukitaja.

Nilimsindikiza mlangoni. Akavaa makubazi, akaegemea fimbo, akatazama chini kama kawaida yake.

"Hemedi," akasema, "kile kifaru chako ulikipeleka wapi? Nimetazama nyumba nzima, sikukiona."

Mwanaidi akafungua mdomo amwonyeshe. Nikamkanyaga mguu. Kifaru kilikuwa pale nyuma yetu, kinang'aa, hata asiye na macho angekiona.

"Kipo, Sudi," nikamwambia. "Kipo mahali."

Akaitika kwa kichwa, akashika njia ya kwao.

Haya, nendeni kwenye lori lenu. Tui la pili, na mkono uanzie nje. Mie niacheni hapa. Sudi alikiona, ila alijua kifaru husifiwa kwa kutoonekana. Tangu siku ile natafuta neno la kumrudishia, zuri kama lile, na sijalipata. Kalamu alipewa yeye. Dar es Salaam alipewa yeye. Na neno lile nalo, ambalo lingenitoka mie walau mara moja ningekufa nimetosheka, lilitoka kinywani mwake.